Ovaroli ya Kaijage

Mzee Novatus alizitazama punje tatu za kahawa alizokaribishwa nazo, akazigeuza kiganjani, kisha akazirudisha kwenye kisahani bila kutafuna hata moja.

Nyuma ya ukuta wa matete Joviana aliliona hilo kupitia upenyo mwembamba. Mgeni aliyekuja kuposa akirudisha kahawa, maneno yanayofuata ni ya kukamilisha tu. Hata hivyo alibana pumzi asikilize.

"Mzee Rwezaura," Novatus alianza, "mmetupokea vizuri. Nyasi mmetandika mpya, mtungi wa rubisi nauona pale pembeni. Lakini kabla sijatafuna kahawa ya nyumba hii nina swali moja. Musika wa marehemu Kaijage ni nani?"

Rwezaura, mdogo wa marehemu, alijikohoza. Ndiye aliyekuwa amesimama mahali pa baba siku hiyo.

"Ukoo haujakaa. Tunasubiri watu wauze kahawa zao wapate nafasi. Mwezi wa nane tutamkalisha mrithi. Kaka yangu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo huyo mrithi, kwa kweli, unamtazama."

"Ninakutazama. Lakini hujavaa nguo za marehemu."

"Bado. Ziko chumbani kwake, kwenye msumari. Siku ikifika nitavishwa mbele ya watu. Hakuna aliyezigusa."

"Una hakika?"

Kutoka mlimani, upande wa mgodi wa bati, injini ya pampu ilisikika ikipiga kwa mbali, tuku-tuku-tuku, kama ilivyopiga mchana na usiku tangu Joviana akiwa mtoto. Leo aliyekuwa akiitazama ni Egbert, msaidizi wake. Joviana aliisikiliza kidogo, kwa mazoea tu, akaridhika, akarudisha sikio sebuleni.

"Jana nilipita mgodini kumsalimia mwanangu," Novatus alisema. "Nikasema ngoja nione na hiyo mashine inayosifiwa. Nikamkuta mtu wa ovaroli ameinama, mgongoni ameandikwa Kaijage kwa uzi mwekundu. Nilishika kifua. Nikasema, huyu si tulimzika Januari? Akageuka kunisalimia. Shikamoo baba. Alikuwa mchumba wa mwanangu."

Mmoja wa wazee waliokuja naye alicheka puani.

"Ovaroli ile ni ya marehemu au si ya marehemu?" Novatus aliuliza.

Rwezaura aligeuka kutazama mlango wa chumba cha marehemu.

"Basi nisaidieni mimi mtu wa Muleba, labda huku Karagwe mambo ni mengine. Kwetu, anayevaa nguo za marehemu amekalia kiti chake. Na mahari ya binti hupokelewa na musika wa baba yake. Sasa hizi ng'ombe nimkabidhi nani? Nimkabidhi bibi harusi mwenyewe, aniambie asante?"

Yule mzee akacheka tena.

"Na si hilo tu," Novatus aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Aliyemvaa Kaijage ni Kaijage. Kaijage ni mkwe wa mwanangu. Mnataka Cassian alale kitanda kimoja na mkwe wake?"

Hapo hakucheka mtu.

Joviana aliegemea matete. Ilikuwa kweli, alikuwa ameivaa. Lakini mbele ya Mungu wake hakuwahi kuhesabu kwamba ile ni nguo ya marehemu. Kanzu nyeupe hakuigusa. Koti jeusi la kwenda misani hakuligusa, wala kofia. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za marehemu, hata mjinga anajua. Ovaroli ilikuwa ya mgodi. Ilinuka dizeli, ilikuwa na kiraka cha turubai gotini, na baba alikuwa akiivua uani kabla ya kuingia ndani. Nani angedhani mtu anaweza kurithiwa kwa nguo isiyoruhusiwa kuvuka mlango?

"Joviana," Rwezaura aliita. "Njoo."

Alitoka. Alipiga magoti juu ya nyasi mpya, gauni lake jeupe la shughuli likimbana kifuani, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kitenge.

"Umeivaa?"

"Nimeivaa, baba mdogo. Tangu mwezi wa tatu."

"Nani alikupa?"

"Niliichukua mwenyewe. Stoo hawakuwa na ovaroli ya kunipa, na gauni lilikwisha kunitia kilema."

Aliutoa mkono aonyeshe. Kidole cha mwisho hakikuwapo, na cha pembeni yake, kile cha pete, kiliishia kwenye kifundo cha kwanza. Wazee wakatazama paa. Rwezaura ndiye aliyetazama sawasawa, na usoni hakuonyesha huruma. Alionekana kama mtu aliyekuta kibanja chake kimelimwa na mwingine.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikujua kama ni ya kuulizwa."

"Miaka ishirini na miwili, umesoma mpaka darasa la nane, unajua kufungua injini na kuifunga, hilo tu hukulijua."

Wageni waliondoka kwa adabu. Waliaga kila mtu. Rubisi haikufunguliwa. Kupitia mlangoni Joviana alimwona Cassian amesimama uani kando ya baiskeli, suti yake ya kijivu imepigwa pasi vizuri, kofia mkononi. Mwoaji hakai sebuleni siku ya kuposa, kwa hiyo alikuwa hajasikia chochote, lakini alizisoma nyuso za wazee zikitoka. Alimtafuta Joviana kwa macho, akampata. Wakatazamana juu ya mabega ya watu. Macho yale ndiyo yaliyomfanya Joviana, mwaka uliotangulia, aanze kuchana glavu za kazi za baba yake kwa makusudi ili apate sababu ya kwenda dirishani stoo kuomba nyingine. Leo yalikuwa yanasema, usilie, narudi. Joviana akaitikia kwa kope.

Rwezaura akawasindikiza wageni mpaka barabara ya Songambele. Hakuaga nyumbani.

*

Adelgunda, mama yake, hakuwa mtu wa kulia. Aliingia na ufagio, akaanza kukusanya zile nyasi kana kwamba zimechakaa kwa matumizi.

"Simama unisaidie, au vua hilo gauni kabla hujalichafua," alisema. "Moja kati ya hayo mawili."

"Mama, ningefanya nini?"

"Ungekaa nyumbani."

"Pampu angeiendesha nani? Tata alinifundisha mimi peke yangu, mwanawe. Ikisimama saa mbili tu, maji yanawafikia watu shingoni kule chini."

"Najua. Nilizaa na fundi wa pampu, unanihubiria nini?" Adelgunda aliinua fungu la nyasi, akalishika kifuani. "Nasema tu. Mwanamke akivaa suruali, kuna bei. Ulifikiri utavaa bure?"

Joviana alikwenda chumbani kuvua gauni. Aliufungua mgongo kwa mkono wa kulia, taratibu. Alikumbuka gauni jingine, la kitambaa cha maua, ambalo sasa lilikuwa tambara la kupangusia grisi.

Baba yake alikufa Januari, kifua kimejaa vumbi la miamba. Wiki hiyohiyo Meneja alimwita Joviana. Hakukuwa na mwingine aliyejua ile injini kuukuu, inavyokohoa kabla ya kuzima na mahali pa kuigonga. Akaandikwa fundi. Meneja, mzungu wa maneno machache, alimtazama gauni na kanga kiunoni, akasema hiyo si nguo ya kazi, ataagiza ovaroli ndogo Bukoba. Joviana akasubiri. Kila asubuhi alipita dirishani kwa Cassian, karani wa stoo.

"Imefika?"

"Bado, Jovi. Lori likija utakuwa wa kwanza kujua."

Tarehe ishirini na saba Februari upepo uliingia kwenye banda la pampu, ukainua ncha ya kanga, na mkanda wa mashine ukaidaka. Aliivuta kwa mkono wa kushoto, ndipo mkanda ukachukua kanga na mkono pamoja. Aliokolewa na mguu wake mwenyewe, uliopiga teke wenzo wa kuzimia mashine.

Cassian alikaa naye zahanati siku sita. Alilia, mwanaume mzima, mbele ya wagonjwa wengine, kichwa amekilaza juu ya blanketi. "Nisamehe," alikuwa akirudia, "nisamehe, nisamehe." Joviana akamshika nywele kwa mkono mzima, akamwambia hana kosa, upepo ndio wenye kosa. Siku ya mwisho Cassian aliubusu mkono wa kulia, akasema, "Pete nitakuvisha huku. Wakituuliza tutawaambia sisi tumeanza mtindo." Joviana alicheka mpaka kidonda kikauma. Kama aliwahi kumpenda kidogo kidogo kabla ya hapo, siku ile alimpenda mzima.

Mwisho wa mwezi wa tatu, kidonda kilipokauka na stoo bado ikisema hakuna, alisimama mbele ya msumari wa baba. Akaiacha kanzu, akaliacha koti. Akachukua ovaroli, akakunja miguu mara tatu, akaenda kazini.

*

Cassian alirudi jua likiwa bado liko juu ya migomba. Aliitupa baiskeli chini badala ya kuiegesha. Kwapani alikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako anajua uko hapa?"

"Nimemwacha kwa mshenga, anapumzika. Mama, naomba niongee na Joviana. Mbele yako, sina siri."

Adelgunda akamwonyesha kigoda. Yeye mwenyewe akakaa mlangoni na ungo wa maharage.

Cassian hakukaa. Alikuwa anahema, na macho yake yalikuwa na homa ya furaha.

"Jovi, nimeongea na mzee njia nzima. Si mtu mbaya, anaogopa mila tu. Amesema hivi, kama ile ovaroli itarudishwa mikononi mwa baba yako mdogo, mbele ya mashahidi, na kusemwa wazi kwamba ulivaa kwa kutojua, na usiivae tena, basi musika ni Rwezaura na wewe ni binti tu. Kesho baada ya misa anakuja tena. Atatafuna kahawa."

"Kesho?"

"Kesho. Amesema mwenyewe."

Adelgunda aliacha kuchambua maharage. Joviana alihisi kitu kikipanda kifuani, chepesi, ambacho hakuthubutu kukiita furaha.

"Na Jumatatu nikienda kazini nitavaa nini?"

"Ndiyo nimekuletea." Cassian alinyoosha kifurushi kwa mikono miwili. "Fungua."

Kilikuwa ni ovaroli. Bluu iliyokolea, kitambaa kigumu kisichowahi kuona sabuni, vifungo sita vya shaba mbele. Joviana aliisimamisha juu ya kifua chake. Mabega yalimtosha. Miguu iliishia kwenye vifundo, hakuna cha kukunja. Ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mwili wake, na hakuna mtu aliyewahi kumpa nguo ya namna hiyo, ya kazi, iliyokubali kwamba yuko.

"Cassian."

"Nilikwambia utakuwa wa kwanza kujua."

"Imefika lini?"

"Juzi. Na lori la juzi. Nilikuwa nataka nikupe baada ya leo, iwe zawadi."

Alimtazama usoni, na yeye akamtazama, na kwa muda kama wa pumzi tatu ilikuwa kama hakuna mama mlangoni. Alitaka kumgusa shavu. Cassian alikuwa na alama ndogo ya wembe kidevuni, ya kunyoa kwa haraka asubuhi hiyo kwa ajili ya posa.

Kisha mkono wake wa kulia ukafanya kazi yake. Hakuuamuru. Baba alikuwa amemfundisha tangu ana miaka kumi kwamba nguo yoyote inayokwenda karibu na mkanda, kwanza mifuko itolewe. Hata kama imetoka kufuliwa, hata kama ni mpya. Msumari, uzi, kipande cha karatasi, chochote kinaweza kudakwa. Mifuko mitupu, mikono iliyofungwa, kichwa kilichofungwa. Kwa hiyo vidole viliingia mfuko wa paja wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, na wa kifuani. Wa kifuani haukuwa mtupu.

Ilikuwa karatasi ya stoo iliyokunjwa mara mbili, ya rangi ya waridi, mwandiko wa Meneja. *Ovaroli moja, ndogo, ya fundi wa pampu, J. Kaijage. Apewe leo.* Chini, muhuri wa mapokezi. Tarehe tisa Februari.

Alisoma mara moja tu. Mwandiko ulikuwa mzuri.

"Tarehe tisa," alisema.

Uso wa Cassian haukubadilika mara moja. Ulibaki umetabasamu kwa sababu haukuambiwa uache. Kisha ukaacha.

"Jovi, nipe hiyo."

"Tarehe tisa Februari, Cassian. Mimi niliumia tarehe ishirini na saba."

"Nisikilize."

"Siku kumi na nane. Kila siku nilipita dirishani."

"Walikuwa wananicheka," alisema haraka. "Mgodi mzima. Karani, mchumba wako akivaa suruali, wewe utavaa nini? Karani, nani atamtandikia mwenzake? Mzee wangu naye alikuwa hajakubali, nilijua akisikia mkwe wake anavaa kama mwanaume itakuwa basi. Nikasema, Meneja ni mtu wa sheria, akiona mwezi unaisha bado uko na gauni atadhani umeikataa, atakutoa kwenye mashine. Atakupa kazi ya ofisini, au utarudi nyumbani, tutaoana. Nilikuwa nataka tuoane, Jovi. Hilo tu."

"Ulijua naingia bandani na gauni."

"Sikufikiri—"

"Ulijua. Ulikuwa unaniona. Ulinisifia." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu spana. "Lile la maua. Ulisema linanipendeza, nilivae na kesho. Nikalivaa na kesho."

Cassian alikaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza. Aliinamisha kichwa kama alivyokiinamisha zahanati, na Joviana alikitambua kisogo kile, nywele zile alizozishika. *Nisamehe, nisamehe.* Alikuwa amefikiri mtu anaweza kulia namna ile kwa mapenzi tu.

"Na baada ya kuumia?" aliuliza. "Machi yote? Kwa nini hukunipa hata wakati huo?"

"Ningekupa vipi? Ungeuliza imefika lini. Meneja angeuliza. Kila siku iliyopita ilikuwa inaifanya iwe mbaya zaidi. Nikaificha nyuma ya madebe. Nilipokuona umevaa ya mzee, nikashukuru, naapa. Nikasema basi, Mungu amenisaidia, yuko salama."

"Na leo umesahau karatasi."

"Niliitia humo siku ilipofika, na kifurushi sikuwahi kukifungua tena. Sikuweza kuigusa." Aliinua uso. Ulikuwa umelowa. "Jovi, nakupenda. Hakuna siku ambayo sijaulipia huo mkono. Kesho mzee anakuja. Kila kitu kimekwisha, kila kizuizi. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Lililomshika Joviana halikuwa hasira. Hasira angeijua la kuifanyia. Ilikuwa kwamba bado anampenda. Alikuwa amesimama pale na karatasi mkononi akisubiri mapenzi yakome, kama mtu anayesubiri gurudumu lisimame baada ya kuzima injini, na hayakukoma.

"Mwanangu," Adelgunda alisema kutoka mlangoni.

Wote wawili wakageuka. Mama alikuwa ameweka ungo chini.

"Amekosa. Hilo halina mjadala. Ningekuwa baba yako ningempiga. Lakini nikuulize kitu cha maana. Vidole vitarudi?"

"Hapana, mama."

"Mume anaweza kurudi. Kesho, baada ya misa. Una mkono wa namna hiyo, kazi ya namna hiyo, na jina lililotembea leo mpaka Songambele kwamba umemvaa baba yako. Unadhani wako wangapi watakaokuja kutandikiwa nyasi hapa?"

"Hakuna."

"Basi umejijibu."

"Mama, wewe ungemchukua?"

Adelgunda alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ningemchukua," alisema. "Na ningemchukia mpaka nizikwe. Wanawake wengi wanaishi hivyo, na watoto wanakua."

Ndipo injini ilipobadilika.

Cassian hakusikia. Adelgunda alisikia kidogo, mke wa fundi. Joviana alisikia kama mtu anayeitwa jina. Tuku-tuku, kimya, tuku, kimya. Ilikuwa inakohoa. Egbert angeipa mafuta zaidi, kwa sababu Egbert kila mara aliipa mafuta zaidi, na ingezima. Na ilikuwa Jumamosi ya zamu ya mchana. Chini kulikuwa na watu thelathini.

Aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa ovaroli mpya, mbele iko wazi juu ya fulana, kichwa amekifunga kitambaa. Kwenye mkono wa kushoto alibeba ile kuukuu, kiraka cha turubai kikining'inia. Akamwekea mama yake mapajani.

"Baba mdogo akirudi mpe. Mwambie nilivaa kwa kutojua. Mbele ya mashahidi nitarudia. Kiti ni chake."

Cassian alisimama. Tumaini lilimpanda usoni wazi kiasi kwamba Joviana alilazimika kutazama pembeni.

"Basi nimwambie mzee aje?"

Joviana alianza kufunga vifungo. Vilikuwa vya shaba, vipya, na matundu yalikuwa yamebana. Kwa mkono wa kulia alivuta kitambaa, kwa kidole gumba na viwili vya kushoto akasukuma. Cha kwanza kikateleza. Akarudia. Kikaingia.

"Ngoja nikusaidie," Cassian alisema, akapiga hatua, mkono umekwishafika.

Joviana alirudi nyuma hatua moja tu. Ilitosha. Mkono wa Cassian ulibaki hewani, kisha ukashuka.

Cha pili. Cha tatu kilichukua muda mrefu. Injini ilikohoa, yeye hakuharakisha, kwa sababu kifungo kilichoachwa wazi ndicho mkanda unachokitafuta. Cha nne. Kisiki cha kidole cha pete kiliuma kilipogusa shaba. Cassian alikuwa analia sasa bila sauti, akitazama kila kimoja kikiingia, na hakuna aliyemwambia asitazame. Cha tano. Cha sita, shingoni.

Akaitia karatasi ya waridi mkononi mwake, akamkunjia vidole juu yake, vyote vitano.

"Mwambie mzee Novatus ahsante, na asisumbuke kesho," alisema. "Mwambie si kwa sababu ya nguo ya Tata. Hiyo imerudi. Sababu mwambie wewe."

"Joviana," mama yake alisema.

"Nimesikia, mama. Umesema kweli yote."

Alikata kibanja mbio, majani ya migomba yakimpiga mabega, na suruali haikumzuia mahali popote. Alilia kuanzia mgomba wa kwanza mpaka kijito. Baada ya kijito njia inapanda, pumzi haitoshi kulia na kupanda, akachagua kupanda.

Bandani Egbert alikuwa na kopo la mafuta mkononi, jasho linamtoka.

"Iache," Joviana alisema. "Weka chini hilo kopo. Maji yako wapi?"

"Mapajani. Wameanza kupiga kelele." Egbert alimpisha, na kwa sababu sasa hofu ilikuwa ya mtu mwingine, akapata nafasi ya kumtazama. "Fundi, leo nguo mpya."

Joviana aliingiza mkono mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, wa kifuani. Yote ilikuwa mitupu.

"Si mpya," alisema. "Ina miezi minne. Nipe spana."